Milimita Mia Mbili na Kumi na Nne

Watu walimwita Bwana Milimita, na walimwita hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba hospitalini, muuguzi alipoita jina lake halisi, alikaa tu kwenye benchi akisubiri huyo mtu ainuke. Alikuwa mpima hali ya hewa. Kituo chake kilikuwa juu ya kilima, mwisho wa lami na kidogo kupita hapo: uzio wa waya, nyasi zilizokatwa fupi kama kichwa cha askari mpya, nyumba ya serikali ya vyumba viwili, na ofisi yenye meza moja, viti viwili na kabati la chuma lililogoma kufunga. Kiti cha pili kilikuwa cha mgeni. Miaka ishirini na sita, na kilikuwa bado kipya.

Kila siku ya Mungu, saa tatu kamili asubuhi, alitoka na daftari lake. Siyo saa tatu kasoro, siyo saa tatu na dakika tano. Sikukuu, homa, msiba, yeye saa tatu yuko nje. Alianza na kipimamvua, mtungi wa shaba uliozikwa nusu ardhini. Alimimina maji yake kwenye bilauri ndefu ya kioo yenye mistari, akachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, akasoma, akaandika. Kutoka hapo alikwenda kwenye kibanda cheupe cha mbao kusoma joto la hewa na unyevu wake, kisha kwenye vipimajoto vilivyochomekwa udongoni, kisha kwenye beseni pana la maji kuona jua limekunywa kiasi gani tangu jana. Mwisho alitazama juu, upepo na mawingu, na hapo ndipo wapita njia walipomwona wakasema serikali inamlipa mtu kutazama angani. Hao hakuwa na ugomvi nao. Ugomvi wake ulikuwa na ng'ombe wao, waliopenyeza vichwa kwenye uzio wakanywa maji ya beseni na kuharibu hesabu ya siku nzima.

Mara moja kwa mwaka walikuja wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao, na siku hiyo Bwana Milimita alivaa shati lililopigwa pasi.

"Haya, niambieni. Mazingira ya asili ni nini?"

"Miti!"

"Miti tu? Hiyo miti inakunywa nini, soda?"

Wakacheka. Wakaanza kumrushia majibu kutoka kila upande: maji, hewa, udongo, mawe, wanyama, jua. Mmoja akauliza, "Na sisi?" Akamjibu, "Na nyinyi pia, tutafanyaje sasa." Kisha aliacha utani akawaambia kwamba vitu hivyo vyote vimeshikana mikono. Ukikosea kimoja umekosea na jirani yake. Ndiyo maana kuna watu kazi yao ni kuvitazama kila siku na kuandika, kwa sababu mto haukauki ghafla, ni sisi tu tulikuwa hatuutazami. Watoto waliitikia ndiyoo, wakauliza kama wanaweza kunywa maji ya beseni, wakaondoka. Baada ya hapo kulikuwa kimya mpaka mwaka unaofuata.

Mwisho wa kila mwezi alinakili namba za daftari kwenye fomu kubwa, akaituma makao makuu kwa posta. Makao makuu hayakujibu. Yalituma bahasha ya fomu tupu, na hiyo ndiyo iliyokuwa barua. Mke wake, aliyekuwa mtu wa maneno, alimwambia, "Mume wangu, wewe unawapikia, wanakula, na hata ahsante hawasemi. Mimi ningewanyima chumvi." Ni yeye aliyemsomea namba kutoka kwenye daftari wakati wa kunakili, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na asiporidhika na mvua ya siku fulani aliizomea. Kazi ya saa nzima ilichukua saa tatu, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mke akaugua, akafa. Alizikwa siku ya Alhamisi. Saa tatu Bwana Milimita alipima, saa nne akaenda kuzika. Kwenye fomu kulikuwa na safu nyembamba iliyoandikwa "Maelezo mengine", mahali pa kutaja mvua ya mawe au kipimo kilichovunjika. Mwisho wa mwezi, mbele ya Alhamisi ile, aliandika: "Leo mke wangu amezikwa. Upepo wa kusini, hafifu." Akasubiri. Hakutaka rambirambi za maana, neno moja tu la karani lingemtosha. Bahasha ikaja, na ndani mlikuwa na fomu tupu, idadi ileile.

Aliendelea kuandika kwenye ile safu. "Nimeanza kula mezani ofisini." "Paa linavuja upande wa kitanda chake." Nani angemcheka, kama hakuna aliyekuwa akisoma? Alikuwa akijikuta anaongea na kipimajoto, na kibaya zaidi, anasubiri kijibu.

Masika yaliyofuata ndipo alipofanya lile jambo. Nitalisema lilivyo, bila kulipaka rangi. Siku moja mvua ilinyesha milimita ishirini na moja nukta nne, mvua ya kawaida, ya kulowesha kanzu na kwenda zake. Kwenye daftari aliandika 21.4. Mwisho wa mwezi, akinakili peke yake, aliinua kalamu juu ya kisanduku cha siku ile akaisogeza nukta. Akaandika 214.0. Mvua kubwa hivyo haikuwahi kuonekana pale tangu kituo kifunguliwe. Mtu yeyote mwenye macho angeruka kitini. Angepiga simu, angemwita makao makuu, angekuja na gari kumfokea: wewe mzee, umelewa? Na Bwana Milimita angesema samahani mkubwa, nukta imeteleza, karibu chai.

Alitaka kugombezwa, basi. Alifagia ofisi, akakifuta kile kiti cha pili, akanunua majani mazuri ya chai. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa sita. Aliyanywa majani yale mwenyewe. Mwishowe akajiambia kwamba huko hakuna mtu, fomu zinatupwa shimoni, na ile namba imekufa pamoja na nyingine zote. Akaisahau, kama mtu anavyosahau jambo linalomtia aibu, yaani kwa kujitahidi.

Sasa, asije mtu akadhani hakuwa na ndugu. Alikuwa naye, tena wa tumbo moja. Mdogo wake alilima mboga bondeni, nusu saa kwa miguu kutoka kituoni, kwenye udongo mweusi ulioletwa na mto, udongo ambao ukiangusha kijiti jioni, asubuhi unakuta kimeota. Shemeji yake alimtumia mchicha na salamu. Watoto walimwita Baba Mkubwa, wakapanda kilima kumwomba awaruhusu kuchungulia kibanda cheupe. Alikwenda kwao Jumapili moja moja. Nyingine alitoa udhuru: kuna mawingu, lazima nikae karibu na vipimo. Mawingu gani hayo, shemeji yake alikuwa akiuliza, yanayomhitaji yeye tu?

Miaka mitano baada ya ile nukta, maofisa waliingia bondeni na ramani na kipaza sauti. Utafiti wa wataalamu, walisema, umeonyesha kwamba bonde lote ni njia ya mafuriko, na kila kaya ihame kabla ya masika. Wakazi walipewa viwanja kwenye nyanda za mbali, safari ya kutwa nzima. Bwana Milimita alishuka kusaidia. Alibeba milango begani, akafunga magodoro kwa kamba. Mdogo wake alikaa juu ya jembe lake akasema, "Kaka, mimi nimezaliwa hapa. Maji hayajawahi kufika hata kwenye kizingiti. Wewe ndiye mwenye kujua mvua. Niambie, hawa watu wanasema kweli?"

Bwana Milimita akamwambia, "Wataalamu wanajua wanachokifanya."

Malori yakaondoka. Tangu hapo mdogo wake alipiga simu kila wiki, halafu kila mwezi, halafu sikukuu.

Ilipita miaka sita tena, na asubuhi moja, saa nne hivi, mtu alibisha hodi ofisini. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, buti limejaa tope, begani mkoba wa vifuko vya udongo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepotea? Barabara ya kwenda mjini ni ile pale."

"Sijapotea. Ni wewe ninayekutafuta."

Bwana Milimita alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mwingine. Akamkaribisha kwenye kiti cha pili, na ikabidi kwanza akivue nailoni ya dukani, ambayo hakuwahi kuitoa.

Binti alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa akichunguza lile bonde lililohamwa: udongo wake umekuwaje, mimea gani imerudi, ndege gani, mto unapita wapi sasa. "Siwezi kuusoma udongo bila kuisoma mvua," alisema, "kwa hiyo nilikwenda makao makuu, kwenye chumba cha kumbukumbu. Fomu zako zote zipo. Nimezisoma."

"Zote?"

"Zote, baba. Siku kumi na tisa. Vumbi lilinitia mafua." Akauweka mkoba wake chini. "Na maelezo pia. Pole sana kwa mama."

Bwana Milimita alisema ahsante, akainuka, akatoka nje kutazama mawingu. Hayakuwapo, anga ilikuwa nyeupe pe. Alikaa huko muda, machozi yakimtoka bila mpango, kisha akajikaza, akarudi na sufuria ya chai. Miaka kumi na miwili alikuwa ameingojea pole hiyo, na sasa ilipofika hakujua aiweke wapi.

Waliongea mpaka chai ikapoa. Alimweleza kila kipimo na tabia zake. Alimwonyesha jinsi udongo unavyochelewa kupoa kuliko hewa, na binti akaandika, akauliza tena, akaandika tena. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo tangu mke wake. Alicheka mara mbili, na mara ya pili alijishtukia.

"Sasa, baba, kuna namba moja," binti alisema, akikunjua karatasi. "Hiyo ndiyo mhimili wa kazi yangu yote. Milimita mia mbili na kumi na nne kwa siku moja, miaka kumi na moja iliyopita. Unaikumbuka?"

Bwana Milimita alikiweka kikombe mezani.

"Hiyo ndiyo iliyookoa watu wa bondeni," binti akaendelea, kwa furaha kabisa. "Wahandisi walitafuta mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kupimwa hapa, wakaitia kwenye kompyuta, kompyuta ikachora mstari wa mafuriko. Mstari ukapita juu ya mapaa. Bila wewe, baba, wangekuwa bado wamekaa mle."

Bwana Milimita aliona milango aliyoibeba begani. Alimwona mdogo wake juu ya jembe. Alisikia sauti yake mwenyewe, ile nzito ya mtu mzima mwenye busara, ikisema wataalamu wanajua.

"Naomba tu kuliona daftari la kituo," binti alisema. "Mtafiti huwa haridhiki na nakala. Ni utaratibu."

Angeweza kusema limeliwa na mchwa. Badala yake alifungua lile kabati, akalitoa, akaliweka mezani, akabaki amesimama. Binti alipekua, akafika mwezi ule, kidole kikashuka, kikasimama. Alitazama daftari, akatazama karatasi yake, akatazama tena daftari.

"Hapa ni ishirini na moja nukta nne," alisema taratibu.

"Ndiyo."

Rangi ilimtoka usoni. Nusu ya kazi yake ilikuwa imebomoka mbele ya macho yake, lakini mtoto yule alikuwa na moyo, maana jambo la kwanza alilolifanya ni kumtafutia mzee mlango wa kutokea. "Nukta iliteleza," alisema. "Si ndiyo, baba? Ulikuwa unanakili peke yako, umechoka, mwaka haujaisha tangu mama atuache. Nukta huteleza. Nitaandika hivyo, watasahihisha namba hiyo moja, bonde litapimwa upya, yaishe."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angepita tu. Namba ingesahihishwa, watu wa bondeni wangesikilizwa, na miaka yake ishirini na sita ingebaki safi. Lakini akisema ukweli, nani tena angeamini hata siku moja kati ya zile zote? Alikuwa hana kitu kingine duniani zaidi ya zile namba. Mtoto hakuwa naye, mke hakuwa naye tena.

Lakini aliyeketi mbele yake alikuwa mtu pekee aliyewahi kumsoma. Siku kumi na tisa, na mafua juu. Amdanganye huyu?

"Haikuteleza, mwanangu," alisema. "Niliisogeza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mtu aje."

Binti hakuelewa, ikabidi amweleze yote, na alipomaliza binti alikuwa ameinamisha kichwa. "Nyingine zote ni za kweli," Bwana Milimita alisema. "Nyingine zote. Naapa."

"Mimi nakuamini, baba. Lakini wao watajuaje? Aliyeweza kubadilisha fomu, atashindwaje kubadilisha daftari?" Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayeuguza. Kisha alifunga mkoba wake, akashika mkono wa mzee kwa mikono miwili, akateremka kilima. Alipofika kwenye lami aligeuka kupunga, kisha hakugeuka tena.

Wiki tano baadaye barua ilifika. Safari hii ilikuwa barua kweli, yenye jina lake halisi na mhuri. Kumbukumbu zote za kituo zisitumike mpaka uchunguzi ukamilike. Kituo kisimamishwe. Funguo zikabidhiwe. Bonde litapimwa upya, ingawa hakuna ahadi yoyote kwa waliohamishwa. Aliisoma amesimama mlangoni. Hivyo ndivyo makao makuu yanavyogomba, aliwaza, na hata utamu wake hakuusikia.

Alipanda basi kwenda kwa mdogo wake. Ilipofika saa tatu kamili, mwili wake wote ulitaka kushuka. Alitazama dirishani na mkono ukapapasa mfukoni kutafuta kalamu. Abiria wa pembeni akamuuliza kama amepoteza kitu, akasema hapana.

Alimkuta mdogo wake kazini. Alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya geti, sare imempwaya. Mikono yake, iliyokuwa haikosi udongo kwenye kucha hata siku ya harusi, ilikuwa safi. Hiyo ndiyo iliyomuuma Bwana Milimita kuliko yote. Ardhi ya huku, mdogo wake alisema wakisalimiana, ni changarawe tupu, hata magugu yanakataa. Shemeji hajambo, watoto wametawanyika kutafuta maisha. Akamletea kaka yake ndoo, akaigeuza juu chini awe na pa kukaa.

Bwana Milimita hakungoja apoe jasho. Alisema yote palepale: ile Alhamisi, ile safu ya maelezo, ile nukta, ule mstari juu ya mapaa. Alisema pia, "Na siku ile uliponiuliza, nikakujibu vile nilivyokujibu." Mdogo wake alisikiliza akitazama barabara. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Kwa hiyo ulikuwa unataka mtu aje," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Yeyote tu."

"Yeyote. Hata wa kunitukana. Nilikuwa mpweke, mdogo wangu. Nilikuwa mpweke sana."

Mdogo wake alivua kofia ya sare, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mwaka ule wa msiba, kaka, mke wangu alikuwa anakuwekea sahani. Kila jioni. Aliniambia panda ukamlete kaka yako, asile peke yake. Mimi nikamwambia mwache, kaka ana kazi kubwa pale juu, tusimsumbue. Nusu saa. Kuteremka hata dakika ishirini hazifiki. Si ungeshuka tu?"

Lori lilifika likapiga honi. Mdogo wake akainuka kulifungulia geti, lori likaingia, akalifunga geti, akabaki amesimama kulekule amempa mgongo.